Tetemeko na Mlipuko: Shaka Iliyochelewesha Mkataba

Ardhi itikisikapo haimtaji aliyeitikisa. Mtetemo hupita miambani, hufikia chombo cha kupimia, na chombo huandika mstari uliopindapinda. Kuamua kama mstari huo ni wa tetemeko la asili ama wa bomu lililolipuliwa kwa siri ni kazi ya mwanadamu. Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini mataifa makubwa yalishindana juu ya kazi hiyo kwa miaka mingi, na historia ya shindano hilo yatufundisha jinsi elimu ichangapo inavyoweza kutumiwa na siasa kongwe.

Tarehe 19 Septemba 1957 Marekani ililipua bomu la nyuklia ndani ya mlima katika jangwa la Nevada. Mlipuko huo, ulioitwa Rainier, ulikuwa na nguvu ya kilotoni 1.7, na ulikuwa wa kwanza kufungiwa kabisa chini ya ardhi. Mwezi wa Machi 1958 Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani ilitangaza kuwa mtetemo wake haukupimika mbali kupita maili 250, yaani kilomita 400 hivi. Tangazo hilo lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana. Ikiwa bomu la chini ya ardhi halisikiki mbali, basi mkataba wa kulikataza hauna mlinzi, na asiyeutaka amekwisha kupata hoja. Mwandishi I. F. Stone, aliyekuwa na gazeti lake dogo la kila wiki katika Washington, aliwaendea wataalamu wa mitetemo wa serikali hiyo hiyo, akaambiwa kuwa vituo vya mbali zaidi viliunasa mtetemo. Tume ikasahihisha maneno yake: mtetemo ulikuwa umepimwa hata Fairbanks katika Alaska, zaidi ya maili 2,000. Wahenga wamenena kuwa njia ya mwongo ni fupi. Hapa hata njia ya aliyesema kuwa amekosea tu haikuwa ndefu.

Mwaka huo huo, tangu tarehe 1 Julai hadi 21 Agosti, wataalamu wa Mashariki na Magharibi walikutana Geneva. Tegemeo lao kubwa lilikuwa hoja nyepesi kufahamika. Bomu husukuma mwamba kwenda nje pande zote, kwa hiyo msogeo wa kwanza katika kila kituo yapasa uwe wa kusukumwa. Tetemeko hutokea pande mbili za ufa ziterezapo. Vituo vingine husukumwa na vingine huvutwa. Wakapendekeza vituo 160 hadi 170 vya nchi kavu, pamoja na merikebu kama 10, ili kugundua milipuko ya kilotoni 5 na zaidi.

Matumaini hayo hayakudumu. Majaribio mengine ya Nevada ya Oktoba 1958 yalionyesha kuwa msogeo wa kwanza, ukiwa mdogo, humezwa na mitikisiko ya kawaida ya ardhi. Mwanzoni mwa 1959 Marekani ikadai kuwa matetemeko yasiyotambulika yangekuwa mengi kuliko ilivyodhaniwa Geneva. Hapo ikazuka haja ya kwenda kukagua mahali penyewe, na haja hiyo ikageuka kuwa mabishano ya hesabu. Kufikia mapema 1963 Umoja wa Kisovieti ulikubali ukaguzi mara 3 kwa mwaka; Marekani ilishuka hadi mara 7, isishuke tena. Baina ya 3 na 7 mkataba kamili ukaanguka. Ule uliotiwa sahihi Moscow tarehe 5 Agosti 1963 ulikataza majaribio ya hewani, majini na angani juu, ukayaacha ya chini ya ardhi. Katika majaribio zaidi ya 2,000 yaliyopata kufanywa duniani, zaidi ya 1,500 yalifanywa chini ya ardhi.

Hata hivyo shaka ile ile iliyozuia mkataba ilileta fedha za kuiondoa. Katika miaka ya 1960 Marekani iligharimia vituo zaidi ya 100 vya namna moja katika nchi nyingi, na elimu ya matetemeko ikakua upesi. Wataalamu wakatambua kuwa tetemeko hutoa mawimbi makubwa yaendayo juu ya uso wa ardhi, ilhali bomu lenye mawimbi sawa ya kupita ndani hutoa madogo sana juu. Kadhalika kina hushuhudia: mtetemo uliotoka kilomita nyingi chini hauwezi kuwa wa bomu, kwa kuwa hakuna atakayelizika huko.

Mkataba wa kukataza majaribio yote ulifunguliwa kutiwa sahihi mwaka wa 1996. Mwaka uliofuata, tarehe 16 Agosti, mtetemo mdogo karibu na Novaya Zemlya ulifanya maofisa wa Marekani waishuku Urusi. Uchunguzi ukaonyesha kuwa ulitoka chini ya bahari ya Kara, kama kilomita 130 kutoka uwanja wa majaribio. Lakini tarehe 9 Oktoba 2006 Korea ya Kaskazini ilipolipua bomu lisilofikia kilotoni moja, vituo vya mbali vililitambua. Miongoni mwa vituo vikuu vya ulinzi huo kimo cha Kilima Mbogo, nchini Kenya.

Leo chombo chasikia bomu dogo kuliko lile la Nevada, na mkataba wa 1996 bado haujaanza kufanya kazi, maana baadhi ya mataifa ambayo idhini yao ni sharti hayajauridhia. Wale waliosema mwaka wa 1958 kuwa wangojea elimu wamekwisha kujibiwa na elimu. Kinachongojewa sasa yapasa kiitwe kwa jina lake, nalo ni nia.