Jamvi, wala si Nasibu

Kuna kijitabu cha TEHAMA kinachozunguka katika shule za sekondari huku kwetu Kilwa, ambacho kinaieleza RAM kuwa ni "kumbukumbu ya ufikiaji nasibu". Nimekisoma chote, nikairudia istilahi hiyo nikiwa nimetulia, na bado nasema kwamba katika maneno hayo matatu mawili ni ya uongo na la tatu halina kazi. Msomaji wa makala haya anaijua RAM, kwa hiyo sitamchosha kwa kumweleza anachokijua. Ninachotaka ajue ni namna jina lake lilivyoharibiwa na watu waliokuwa na kamusi mezani, muda wa kutosha na, naamini, posho ya kikao.

Tuanze na nasibu. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, na kwao ni fungu la mtu, kile alichokadiriwa. Huandikwa kwa nun, sad na ba. Kwetu limekaa karne nyingi na maana zake hazina siri: kilichotokea kwa nasibu hakikupangwa, na bahati nasibu ni ule mchezo wa tiketi ambao anayeufaidi zaidi ni mwenye kuuza tiketi. Nimelitaja hili la herufi kwa sababu mwandishi mmoja, ambaye simtaji maana atajijua, aliwahi kunisahihisha mbele za watu akidai kwamba nasibu na nasaba ni ndugu. Si ndugu. Nasaba ni ya sin, nasibu ni ya sad. Kiswahili kimezikutanisha sauti hizo mbili katika s moja, na asiyeijua asili yake huona undugu pale palipo na ujirani tu.

Katika takwimu nasibu limekaa vizuri. Sampuli nasibu huchaguliwa kwa kura, na katika kura bahati ipo kweli. Ndani ya RAM hakuna bahati yoyote. Prosesa hutaja anwani, na kilichomo katika anwani hiyo huletwa, kile kile, kila mara. Siku kitakapoletwa kwa nasibu, kompyuta itaganda na fundi ataitwa.

Kosa lilitoka mbali. Wenye Kiingereza wa zama za kanda za sumaku walitaka kusema kwamba sehemu yoyote ya hifadhi hii hufikiwa moja kwa moja na kwa muda ule ule, tofauti na kanda, ambayo lazima izungushwe ipite yaliyotangulia mpaka ifike panapotakiwa. Neno walilolichagua, random, lina sura mbili kwao: popote utakapo, na ovyo ovyo. Aliyetutafsiria akaishika sura ya pili. Waarabu nao walinaswa hapo hapo, wakatumia neno lao la kiholela, na nina shaka kwamba kamati yetu ilichungulia huko kabla ya kuandika. Ingechungulia kwingine ingepata nafuu. Wajerumani, ambao boma lao lingali limesimama Kilwa Kivinje, huiita Arbeitsspeicher, yaani hifadhi ya kazi. Wafaransa huiita mémoire vive, kumbukumbu hai, na ile isiyofutika wakaiita mfu. Wote hao walitazama kitu kinafanya nini; hawakutazama Mwingereza kasemaje.

Sasa kumbukumbu. Hili ni la Kibantu tupu: shina lake tunalo sisi na wanalo Wachewa wanaosema kukumbukira, na sisi tumelikata na kulirudia kama vile zunguka ilivyotuzalia kizunguzungu. Kumbukumbu ni kile kilichobaki. Kumbukumbu za mkutano huandikwa ili ambaye hakuhudhuria azisome mwakani. Sisi watu wa Kilwa hatuhitaji kufundishwa maana ya neno hilo. Habari za masultani wetu zilitungwa kwa Kiarabu katika karne ya 16. Nakala iliyoandikwa mwaka 1877 iko London mpaka leo, na João de Barros alikwisha kuchapisha simulizi inayofanana nayo huko Ureno mwaka 1552. Waliotajwa humo wamelala zamani, Husuni Kubwa ni magofu, lakini habari zao zipo, na ukitaka kubishana juu ya nani alimrithi nani unaweza kubishana hata leo. Hiyo ndiyo kumbukumbu.

Linganisha na hiki tunachotakiwa kukiita kwa jina hilo hilo. Chembe ya DRAM, ambayo Robert Dennard wa IBM aliibuni mwaka 1966 na kuipatia hataza mwaka 1968, ni transista moja na kapasita moja. Kapasita huvuja. Ndiyo maana RAM huchajiwa upya angalau kila baada ya milisekunde 64, yaani mara zaidi ya 15 kwa sekunde, la sivyo husahau. Na Luku ikiisha husahau yote kwa mkupuo. Kitu kinachohitaji kukumbushwa mara 15 kwa sekunde ndicho tumekipa cheo cha kumbukumbu, na diski, ambayo hutunza picha za harusi mpaka maharusi wanapata wajukuu, tumeiacha igombee jina na mgeni huyu. Mwingine, baada ya kuliona tatizo, akaleta kumbukizi. Kumbukizi ni siku ya kumkumbuka aliyefariki. Namshukuru Mungu hakusikilizwa.

Wala madhara hayaishii vitabuni. Mpwa wangu, anayepiga video za harusi Kilwa Masoko, aliamua kuunda kompyuta mpya ya mezani. Akaandika orodha ya vifaa kwa Kiswahili cha kijitabu kile kile, akampigia muuzaji wa Kariakoo. Walipofika kwenye "kumbukumbu, GB 16" muuzaji akauliza kama anataka memori kadi ya kamera au diski. Hakutaka hata kimoja kati ya hivyo. Mwisho wakaelewana kwa neno "ramu", mzigo ukapakiwa kwenye basi la Lindi, ukashushwa Nangurukuru, na kifaa kilipofika kikagoma kuingia: kilikuwa DDR4, na mazabodi ilikuwa ya DDR5. (Mazabodi ndiyo ile ambayo kikao kile kile kiliibatiza ubao mama, kana kwamba mahali fulani pana ubao baba.) Nilivishika vyote viwili, hicho cha DDR4 na cha DDR5. Pini ni 288 huku na huku, urefu ni ule ule. Lile pengo dogo lililokatwa katikati ya pini ndilo limesogea kidogo, na kidogo hicho kinatosha. "Sasa mjomba," akaniuliza, "mimi ningeulizaje?"

Angeuliza jamvi lake ni la kizazi gani.

Jamvi hutandikwa panapokuwa na shughuli. Wahusika hukaa juu yake, hutandaza wanachokifanyia kazi, na shughuli ikiisha jamvi hukunjwa. Hakuna anayetarajia likumbuke yaliyosemwa. Lugha yenyewe imekwisha kutoa kibali, kwani mwenyekiti akisema tunakunja jamvi, kila mtu hutafuta viatu vyake. Upana wa jamvi ndio unaoamua wangapi wataketi kwa wakati mmoja. Likiwa dogo, wengine hupelekwa barazani, ambako ni kwenye diski, na kuitwa zamu zao zikifika, na huko kuitana ndiko kunakoifanya kompyuta ya GB 4 iwe nzito ukiifungulia programu ya kuhariri video.

Tena jamvi halisukwi zima. Miyaa huanikwa, huchanwa, husukwa ukili, ule utepe mwembamba mrefu ambao akina mama wa Kivinje huusuka huku wanaongea na wala hawautazami. Kisha kili hushonwa ukili kwa ukili mpaka jamvi lipate upana. Anayetaka jamvi pana zaidi huongeza ukili. Basi kile kipande chembamba kinachochomekwa kwenye mazabodi, ambacho wenzetu wamekieleza kwa sentensi nzima bila kukipa jina, ni ukili. Ukili wa kizazi cha 4 ulianza kuuzwa mwaka 2014. Kiwango cha kizazi cha 5 kilitangazwa Julai 2020. Na kili za vizazi viwili hazishonwi jamvi moja. Kili mbili za upana mmoja zikikaa sambamba, prosesa huzisoma kwa pamoja na kazi huenda kasi zaidi. Sikulazimisha chochote hapo. Msamiati ulikuwepo, umekaa uani ukisubiri kuitwa.

Kuna waliouliza kwa nini nisichukue mkeka, ulio mzuri zaidi, wa ukindu na rangi. Hao hawatembei mitaani. Mkeka siku hizi ni karatasi ya kubeti, nasi tungejikuta tumerudi kule kule kwenye bahati nasibu.

Wengine wamenikumbusha msemo wa jamvi la wageni, wakacheka. Wacheke. Ni nani anayeikalia RAM kama si wageni? Programu huja, hukaa, huondoka, na hakuna hata moja iliyo na kwao hapo. Kwao ni kwenye diski. Na wale wanaosema kwamba jamvi limekwisha kuchukuliwa na wenye mijadala, kwamba magazeti hulitumia kwa uwanja wa siasa, nawauliza: kipanya kilipopelekwa kwenye meza ya kompyuta, panya wa ghalani waliacha kula mtama?

Hoja hizi niliwahi kuzipeleka mahali zinapopelekwa, kwa barua ndefu yenye mifano na upatanisho wa kisarufi. Jibu lilikuwa fupi: neno langu lina ladha ya kijijini. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 aliuhesabu mji huu miongoni mwa miji mizuri aliyoiona, na wakati huo Dar es Salaam ilikuwa haijapata hata jina. Pwani hii haikuacha kuzaa maneno tangu hapo. Mmachinga, neno linalotumiwa leo na waziri bungeni na mgambo wa jiji sokoni, asili yake ni Wamachinga wa Lindi, ambao vijana wao walikwenda Dar es Salaam kuchuuza. Wako wanaolipa asili ya Kiingereza, ati ni jamaa anayetembea kwa mwendo wa gwaride. Watu hao hawaamini kwamba neno linaweza kutoka kusini na kupanda basi lenyewe. Hakuna kamati iliyokaa kulipitisha, na hakuna kamati inayoweza kulifuta.

Mafundi wetu wanasema ramu, na mafundi sina ugomvi nao. Najua pia kwamba vita ya ngamizi na tarakilishi iliisha kwa pande zote mbili kusema kompyuta zikifika nyumbani. Lakini ramu haizai. Huwezi kuitandika, huwezi kuikunja, na ukikishika kipande chake kimoja huna la kukiita. Jamvi limekuja na vitenzi vyake na watoto wake.

Kuhusu matumizi, kwa ufupi, maana nafasi inakwisha: chagua prosesa na mazabodi kwanza, kwa sababu hizo ndizo zinazoamua kizazi cha jamvi. Soketi ya AM4 hutaka DDR4, AM5 hutaka DDR5 tu, na LGA1700 hutegemea mazabodi uliyonunua. Chukua kili mbili zinazofanana badala ya mmoja mkubwa, na kama nafasi ziko nne zichomeke katika ya pili na ya nne kutoka upande wa prosesa. Usinunue pawa saplai ya bei chee. Na kwa hewa yetu hii ya chumvi, kompyuta ikipiga bipu huku kioo kikiwa cheusi, izime, chomoa waya wa umeme, toa ukili, sugua pini zake taratibu kwa raba ya kufutia penseli, kisha urudishe mpaka vishikizo vilie.

Naomba wanaoandaa toleo lijalo la kijitabu kile wafute nasibu, waiachie diski kumbukumbu yake, na waandike hivi: jamvi, wingi majamvi, ngeli ya li-/ya-; ukili, wingi kili, ngeli ya u-/zi-. Mwenye neno bora kuliko haya alilete kwa maandishi, na lije na wingi wake.