Fila za usoni kwa wagonjwa wa saratani

Fila za usoni ni dutu zinazochomwa chini ya ngozi ili kujaza makunyanzi, midomo au mashavu yaliyobonyea. Inayotumika zaidi ni asidi ya hialuroni, iliyogunduliwa na Karl Meyer na John Palmer mwaka 1934 katika jicho la ng'ombe. Haijathibitika kwamba fila huleta saratani. Hatari kwa mgonjwa hutokana na hali ya mwili wake, dawa anazotumia na vipimo anavyofanyiwa.

Matumizi

Mwaka 2004 Marekani iliidhinisha fila iitwayo Sculptra kwa watu wenye VVU waliokonda mashavu, tatizo lililowasumbua pia Waafrika Mashariki wengi waliotumia stavudini, dawa ya VVU. Mgonjwa wa saratani anayetaka kurudishiwa sura yake naye ana haja ya kweli, si anasa.

Wakati wa matibabu

Tibakemia hupunguza seli nyeupe za damu na chembe sahani. Tundu la sindano ambalo mtu mwenye afya hulisahau jioni ileile linaweza kuwa mlango wa bakteria, na damu huvilia kirahisi chini ya ngozi. Ndiyo maana ni busara kusubiri matibabu yaishe na vipimo vya damu virudi sawa. Baadhi ya dawa za saratani zinazoamsha kinga ya mwili zimewahi kuzusha vinundu mahali palipochomwa fila zamani. Ngozi iliyopigwa mionzi hukakamaa, damu haipiti vizuri, na kidonda hukawia kupona.

Ajali mbaya kuliko zote, kwa mgonjwa na asiye mgonjwa, ni fila kuingia katika mshipa wa damu: ngozi hufa, au jicho hupofuka. Asidi ya hialuroni huyeyushwa kwa kimeng'enya cha hialuronidezi; fila ya silikoni haina dawa ya kuiyeyusha.

Picha za uchunguzi

Kipimo cha PET hufuatilia sukari yenye mionzi, ambayo seli za saratani huichukua kwa wingi. Tishu iliyovimba kuzunguka fila huichukua pia, hivyo shavu lisilo na saratani linaweza kung'aa kama lenye uvimbe wa saratani. Fila ya kalsiamu huonekana nyeupe kwenye picha ya CT. Silikoni inaweza kusafiri hadi tezi za shingo, zikavimba na kudhaniwa kuwa saratani imesambaa. Mgonjwa akitaja mapema alichochomwa, mwaka gani na upande upi, huenda akaepuka kukatwa bure kipande cha nyama cha kupimwa.

Afrika Mashariki

Huduma ya fila hupatikana hasa katika kliniki binafsi za miji mikubwa, kama Nairobi na Dar es Salaam.