Tope katika Ndiva: Ukinzani wa Maji na Historia ya Kazi katika Milima ya Upare

Ndiva, yaani bwawa dogo la kukusanyia maji ya mfereji, imejadiliwa hasa kama suala la mamlaka: ukoo gani uliichimba, nani aliisimamia, nani alipewa zamu. Insha hii haikanushi mtazamo huo, bali inadai kuwa umeacha kando jambo la msingi, nalo ni tope.

Anayesimama Kileo, katika tambarare, huiona Milima ya Upare Kaskazini ikiinuka ghafla. Mteremko huo huyapa maji ya vijito kasi ya kubeba udongo. Maji yanapoingia katika ndiva usiku na kutulia, kila chembe huanza kuzama: uzito huivuta chini, ukinzani wa maji huizuia. Mwaka 1851 George Gabriel Stokes alionesha kuwa, kwa tufe dogo liendalo polepole, ukinzani huo hulingana na mnato wa maji, nusu kipenyo na kasi. Hivyo, kasi ya kuzama hufuata mraba wa kipenyo.

Kwa kanuni hiyo, chembe ya kwatzi yenye kipenyo cha milimita 0.02, katika maji ya nyuzijoto 20, huzama mita moja kwa takriban dakika 46. Yenye milimita 0.002 huhitaji takriban saa 77. Chembe halisi si tufe kamili, wala maji ya ndiva hayatulii kabisa. Hata hivyo, tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Usiku mmoja unatosha kwa ya kwanza, hautoshi kwa ya pili. Udongo laini husafiri na maji hadi shambani. Tope zito hubaki na kupunguza ujazo wa ndiva.

Hapa ndipo msaragambo, kazi ya pamoja ya wanakijiji, unapopata maana yake ya kihistoria. Haukuwa desturi tu, bali sharti la kuendelea kuwa na maji. Mwishoni mwa karne ya 20 baadhi ya ndiva ziliimarishwa kwa saruji. Saruji huzuia maji kuvuja. Haizuii chembe kuzama. Kwa hiyo, historia ya ndiva isiishie kwa waliozijenga. Iwahesabu pia wale waliorudi, msimu baada ya msimu, na majembe kuzizoa tope.