Skauti nchini Ubelgiji: sare, ngazi na uongozi wa vijana

Chaussée d'Ixelles ni mojawapo ya barabara mashuhuri za biashara mjini Brussels. Huanzia Porte de Namur, hupita ubavuni mwa Matonge, mtaa uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa na unaojulikana kwa maduka, saluni na migahawa ya Wakongo, kisha huteremka hadi uwanja wa Flagey, karibu na mabwawa ya Ixelles.

Katika eneo hilohilo, kwenye barabara ya rue de Dublin, yapo makao ya Les Scouts, shirikisho kubwa la maskauti wa Ubelgiji wanaozungumza Kifaransa. Hivyo mtaa wa Waafrika unaofahamika zaidi mjini Brussels na mojawapo ya harakati kongwe za vijana nchini humo ni majirani.

Makala haya yanaeleza jinsi sare, ngazi na uongozi wa skauti wa Ubelgiji unavyofanya kazi, na kwa nini jambo hilo linazihusu pia familia zenye asili ya Afrika.

Chimbuko

Uskauti ulianzishwa na Robert Baden-Powell, jenerali wa jeshi la Uingereza. Wakati wa kuzingirwa kwa mji wa Mafeking, Afrika Kusini, kuanzia mwaka 1899 hadi 1900, wavulana wa mji huo walivishwa sare na kutumwa kupeleka ujumbe. Baden-Powell aliondoka na fundisho kwamba kijana akipewa dhamana ya kweli huitimiza.

Mwezi Agosti mwaka 1907 aliwakusanya wavulana wapatao ishirini katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza. Baadhi walitoka katika shule za matajiri, wengine katika familia za wafanyakazi. Aliwagawa katika vikundi vidogo vinne, yaani patroli, na kila patroli ikawa na kiongozi wake kijana. Mwaka uliofuata alichapisha kitabu chake kuhusu uskauti, na harakati hiyo ikaenea haraka.

Ubelgiji iliupokea uskauti katika miaka ya mwanzo kabisa. Miongoni mwa waasisi wa chama kisichofungamana na dini alikuwamo Antoine Depage, daktari mpasuaji wa Brussels. Mwaka 1912 wakaanza pia maskauti wa Kikatoliki. Mgawanyiko huo wa imani, pamoja na ule wa lugha, unaonekana hadi sasa. Nchi ina mashirikisho matano: Les Scouts, Les Guides na Scouts et Guides Pluralistes kwa wazungumzaji wa Kifaransa, Scouts en Gidsen Vlaanderen na FOS Open Scouting kwa wazungumzaji wa Kiholanzi. Kwa pamoja yana wanachama zaidi ya 150,000.

Sare

Sare ya kwanza ya skauti, yaani shati la khaki, kaptura, skafu na kofia pana, ilifuata kwa kiasi kikubwa mavazi ya polisi walioundwa na Baden-Powell Afrika Kusini. Madhumuni yake yalikuwa mawili: vazi lifae porini, na mtoto wa tajiri asitambulike mbele ya mtoto wa maskini.

Katika shirikisho la Les Scouts rangi hutaja umri. Watoto wa umri wa miaka 8 hadi 12, waitwao louveteaux, yaani mbwamwitu wadogo, huvaa kijani. Wenye miaka 12 hadi 16, waitwao éclaireurs, huvaa shati la buluu. Wenye miaka 16 hadi 18, waitwao pionniers, huvaa shati jekundu. Wadogo kuliko wote, wa miaka 6 hadi 8, huitwa baladins.

Skafu ndiyo yenye uzito mkubwa zaidi moyoni mwa mvaaji. Kila kundi la mtaa lina skafu ya rangi zake, na kwa kuitazama, skauti mwingine hutambua mwenzake ametoka wapi. Beji ya ahadi huja baadaye, mtoto anapokuwa ameahidi mbele ya wenzake kuifuata sheria ya skauti.

Ngazi

Mataifa hutofautiana katika njia ya kumpandisha kijana. Nchini Marekani ngazi ni nyingi na zimeandikwa bayana. Cheo cha juu kabisa, cha Tai, hudai beji 21 za ujuzi pamoja na mradi wa kuhudumia jamii.

Ubelgiji inayozungumza Kifaransa haitilii mkazo mkubwa hesabu ya beji. Huko ngazi ya kweli ni dhamana anayokabidhiwa kijana. Louveteau hukaa katika kikundi cha watoto wapatao sita, na mmoja wao, ambaye kwa kawaida ni wa mwaka wa mwisho, huwa mkuu wao. Katika kikosi cha éclaireurs, kiongozi wa patroli na msaidizi wake huwa na umri wa miaka 15 au 16. Wao hugawa kazi za kupika, kutafuta kuni na kujenga, na huwafundisha wadogo kufunga mafundo.

Mtihani mkubwa ni kambi ya kiangazi, ambayo mara nyingi hufanyika katika misitu na malisho ya Ardennes. Ni desturi ya Wabelgiji kwamba patroli hujenga jukwaa la magogo yaliyofungwa kwa kamba, kisha hema husimamishwa juu yake. Fundo likilegea, patroli nzima hulala chini. Kwa njia hiyo mtoto wa miaka 12 hujifunza kwa nini aliambiwa akaze kamba, naye kiongozi wa miaka 16 hujifunza kwamba kuamuru hakutoshi, sharti arudi kukagua.

Pionniers hawana patroli. Kundi zima huketi pamoja, huchagua mradi wake, hutafuta fedha na kuutekeleza. Hiyo ni hatua ya mwisho kabla ya kijana kuwaongoza wengine.

Jina la mnyama

Zaidi ya ngazi hizo ipo desturi ya totemu. Baada ya kushiriki kambi, kijana hupewa na wenzake jina la mnyama linalolandana na tabia yake, na baadaye huongezewa sifa. Wapo Wabelgiji wa makamo ambao hadi leo huitana kwa majina hayo.

Mfano unaojulikana zaidi ulitokea jirani na Chaussée d'Ixelles. Mwanzoni mwa muongo wa 1920, kijana Georges Remi alisoma katika shule ya Saint-Boniface, hatua chache kutoka barabara hiyo, na kuingia katika kikosi cha skauti cha shule. Akawa kiongozi wa patroli, na wenzake wakampa jina la Mbweha Mdadisi. Mwaka 1926, akitumia jina la Hergé, alianza kuchora katika gazeti la maskauti wa Ubelgiji visa vya Totor, kiongozi wa patroli. Miaka mitatu baadaye, tarehe 10 Januari 1929, akamtoa Tintin, ambaye wasomaji wengi humwona kuwa ni ndugu yake Totor.

Kisa cha pili cha Tintin kilimpeleka Kongo, na jinsi kilivyowachora Waafrika kimelaumiwa kwa muda mrefu. Mwaka 2007 Mkongo mkazi wa Brussels, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikishitaki kitabu hicho. Mahakama iliyakataa madai yake mwaka 2012.

Totemu yenyewe haikuepuka maswali. Neno hilo lina asili katika lugha ya Waojibwe wa Amerika ya Kaskazini, na wakosoaji huuliza kama inafaa vijana wa Ulaya kuigiza ibada za watu wengine. Aidha, sherehe za kumpa mtoto jina zimewahi kulaumiwa pale zilipogeuka kuwa udhalilishaji. Mashirikisho husisitiza kwamba jina na sherehe vimheshimu mtoto.

Nani anaongoza

Tofauti kubwa kati ya Ubelgiji na Afrika Mashariki ipo katika umri wa kiongozi. Nchini Kenya na Tanzania vikosi vingi vimo shuleni, na mara nyingi mwalimu ndiye mlezi wao. Nchini Ubelgiji kundi la skauti huwa la mtaa au parokia na hukutana mwishoni mwa juma. Wanaoliongoza ni vijana wa kujitolea, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 18 hadi ishirini na kitu, wasiolipwa mshahara.

Vijana hao huwajibika kwa makumi ya watoto, fedha za chakula, dawa na usalama wa kambi nzima. Kwa sababu hiyo upo utaratibu wa mafunzo. Kufuatia sheria ya mwaka 1999 ya Jumuiya ya Kifaransa ya Ubelgiji, kijana anaweza kupata cheti rasmi cha kuongoza watoto wakati wa likizo baada ya saa zisizopungua 300, nusu ya nadharia na nusu ya vitendo.

Kimataifa, mafunzo ya viongozi wa skauti yana alama yake tangu mwaka 1919: shanga mbili za mti zilizofungwa kwenye uzi wa ngozi. Za kwanza zilitolewa kwenye mkufu wa Kizulu ambao Baden-Powell alirudi nao kutoka Afrika Kusini. Alama ya heshima ya kiongozi wa skauti, popote alipo duniani, ina asili ya Afrika.

Sare iliyozuiwa

Hata hivyo, Waafrika wenyewe hawakukaribishwa mara moja. Sheria ya skauti husema kwamba skauti ni ndugu wa kila skauti mwingine, lakini Afrika Kusini vijana weusi walikataliwa jina hilo. Kuanzia mwaka 1922 waliwekwa katika chama cha pembeni kilichoitwa Pathfinders, na harakati moja isiyobagua rangi ilipatikana mwaka 1977 tu.

Katika makoloni mengine ya Uingereza, maofisa walisumbuliwa na vijana walioshona na kuvaa sare bila idhini. Vijana hao walielewa vizuri maana ya vazi lile: aliyelivaa alikuwa akidai heshima sawa na ya Mzungu aliyelivaa.

Kongo ilipata uskauti wakati wa ukoloni wa Ubelgiji, hasa kupitia wamisionari na shule zao. Pigo kubwa lilikuja baada ya uhuru. Mwaka 1972, wakati wa mvutano wake na Kanisa Katoliki, Rais Mobutu Sese Seko alizipiga marufuku harakati za vijana zilizokuwa chini ya dini, na vijana wakatakiwa kuwa katika jumuiya ya chama chake, MPR. Mfumo wa vyama vingi ulipotangazwa mwaka 1990, vyama vya hiari vilipata tena nafasi ya kufanya kazi hadharani.

Katika muongo wa 2000, maskauti wa Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliendesha mradi wa Amahoro Amani, kwa lengo la kupambana na chuki za kikabila miongoni mwa vijana. Maneno yote mawili yana maana moja, la kwanza kwa Kinyarwanda na Kirundi, la pili kwa Kiswahili.

Nchini Kenya, ambako Baden-Powell alizikwa mjini Nyeri mwaka 1941, vijana wameupa uskauti majina yao wenyewe: Sungura, Chipukizi, Mwamba na Jasiri.

Mlango wa kuingilia

Kwa familia za wahamiaji nchini Ubelgiji, kikwazo si sheria tena. Makundi huwapokea watoto wa imani na asili zote, yakiwamo yale yenye chimbuko la Kikatoliki. Vikwazo ni vya aina nyingine. Makundi mengi yana orodha ya wanaosubiri, na mzazi aliyewahi kuwa skauti hujua kwamba mtoto huandikishwa mapema. Mzazi aliyekuja nchini akiwa mtu mzima huenda asijue hilo mpaka nafasi zimejaa.

Gharama zina nafuu ambazo si kila mtu anazifahamu. Mifuko ya bima ya afya hurudisha sehemu ya ada ya uanachama. Ada ya kambi ya mtoto aliye chini ya miaka 14 inaweza kuzingatiwa katika hesabu ya kodi. Sare zilizotumika hupita kutoka familia hadi familia, na mzazi anaweza kuomba msaada kwa kiongozi wa kundi bila kutangazwa.

Suala hili lina uzito kwa sababu ya jinsi ngazi zenyewe zilivyojengwa. Kiongozi wa miaka 20 kwa kawaida alianza akiwa na miaka saba au minane. Alikuwa mkuu wa watoto sita, kisha wa patroli, ndipo akakabidhiwa kikosi. Watoto wa mtaa fulani wasipoonekana kwenye daraja la chini leo, hawatakuwapo miongoni mwa viongozi baada ya miaka kumi, na watoto watakaowafuata hawatamwona kiongozi anayefanana nao. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, na katika uskauti wa Ubelgiji methali hiyo inawahusu viongozi kama inavyowahusu watoto.