Neno "Wote" na Mlango wa Shule: Wazazi wa Watoto Wenye Mahitaji Maalumu, kutoka Zanzibar hadi Mocímboa da Praia

Septemba 1964 mambo mawili yalitokea katika pwani yetu kwa tofauti ya siku mbili tu. Tarehe 23, miezi minane baada ya Mapinduzi, serikali ya Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo. Tarehe 25, wapiganaji wa FRELIMO walishambulia kituo cha utawala wa Wareno huko Chai, mkoani Cabo Delgado, kusini ya Mocímboa da Praia. Hapo ndipo vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza. Kule ilikuwa amri ya serikali mpya na huku ilikuwa risasi, lakini ahadi ilikuwa ya namna moja: mtoto wa mvuvi na mtoto wa mkulima nao watasoma. Shule itakuwa ya watoto wote.

Insha hii inahusu neno hilo, "wote". Je, lilimhesabu mtoto asiyesikia, asiyeona, asiyeweza kutembea, au anayejifunza polepole kuliko wenzake? Hoja yangu ni kwamba serikali ndizo zilizolitamka neno hilo, lakini wazazi ndio walioshika ncha yake na kuuliza kama mtoto wao yumo. Nitaonesha pia kwamba swali hilo lilijibiwa pale tu ambapo wazazi waliuliza wakiwa pamoja, na kwa lugha ambayo ofisi iliielewa. Mocímboa da Praia ni mahali pazuri pa kupimia hoja hii, kwa sababu ahadi ilifika huko mapema, lakini masharti hayo mawili yamekuwa magumu kutimia.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla ya uhuru. Baada ya mkataba wa Ureno na Vatikani wa mwaka 1940 na sheria ya misheni ya mwaka 1941, elimu ya watoto wa Kiafrika nchini Msumbiji iliwekwa mikononi mwa misheni za Kikatoliki. Pwani ya Wamwani ni ya Waislamu, na kwa familia nyingi elimu ilikuwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Shule ya serikali ilikuwa kitu cha watu wachache. Ndiyo maana uhuru ulipopatikana, tarehe 25 Juni 1975, inakadiriwa kwamba watu 93 katika kila 100 nchini kote hawakujua kusoma na kuandika. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 24 Julai, serikali ilitaifisha shule zote. Sheria ya elimu ya mwaka 1983 iliunda mfumo mmoja wa taifa na kuitaja elimu maalumu kuwa sehemu yake.

Kwenye karatasi, basi, mtoto mwenye ulemavu alikuwa tayari ndani. Lakini shule maalumu zilikuwa chache, tena katika miji kama Maputo na Beira. Kutoka Mocímboa hadi Maputo ni zaidi ya kilomita 2,000; Mtwara, ng'ambo ya mto Ruvuma, ni karibu zaidi. Isitoshe, vita vya ndani vilivyoanza mwaka 1977 na kumalizika kwa mkataba wa Roma wa Oktoba 1992 viliharibu shule nyingi na kuzifanya barabara kuwa za hatari. Mzazi wa Mocímboa aliyekuwa na mtoto kiziwi hakuwa na mlango wa kubisha.

Hapa inafaa kusimama kidogo. Katika vitabu na semina nyingi husemwa kwamba wazazi wa Kiafrika "huwaficha" watoto wenye ulemavu. Sikatai kwamba aibu na imani potofu zipo. Lakini mwanafunzi wa historia lazima aulize: waliwaficha wasiende wapi? Mtoto hawezi kufichwa asiende shule ambayo haipo, au iliyopo lakini itamrudisha nyumbani siku ya kwanza. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mara nyingi kile kinachoitwa kuficha kilikuwa namna ya kumkinga mtoto asifukuzwe mbele ya watu. Tunachopaswa kuchunguza ni lini wazazi waliacha kukinga wakaanza kudai.

Zanzibar inatupa jibu la kwanza, na jibu hilo linaonesha kwamba ahadi peke yake haitoshi. Elimu bila malipo ilitangazwa mwaka 1964, lakini ilichukua miaka 35 hadi mwaka 1999 ilipoanzishwa Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, inayojulikana kwa kifupi kama ZAPDD. Wazazi walikuwa nguzo yake tangu mwanzo. Hii ni muhimu, kwa sababu vyama vingi vya watu wenye ulemavu huongozwa na wenye ulemavu wenyewe, kama vile wasioona au viziwi. Mtoto mwenye ulemavu wa akili mara nyingi huhitaji mtu wa kusimama pamoja naye ili asikike, na mtu wa kwanza ni mama yake au baba yake.

Jumuiya hiyo ilishirikiana na chama cha watu wenye ulemavu wa akili cha Norway, NFU, kilichoundwa mwaka 1967 na ambacho nacho kina mizizi katika harakati za wazazi. Mwaka 2004 jumuiya na Wizara ya Elimu walianza mradi wa elimu jumuishi katika shule za kawaida. Maana yake ni kwamba mtoto hakupelekwa mbali. Alisoma shule ya mtaani kwake, pamoja na ndugu zake. Shule zilianza chache, zikaongezeka Unguja na Pemba. Mwaka 2006 Zanzibar ikatunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu. Tazama mfuatano wa miaka: chama mwaka 1999, madarasa mwaka 2004, sheria mwaka 2006. Wazazi walitangulia na sheria ikafuata.

Kenya inatupa jibu la pili. Januari 2003 serikali mpya ilifuta ada katika shule za msingi, na idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka karibu milioni 5.9 hadi karibu milioni 7.2. Watu walilichukua neno "wote" kama lilivyotamkwa. Mzee Kimani Maruge, aliyesema ana umri wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza huko Eldoret Januari 2004, na dunia nzima ikamshangaa. Waliopata sifa kidogo ni wazazi wa watoto wenye usonji jijini Nairobi. Mwaka uleule wa 2003 waliunda chama chao, na kitengo cha watoto wenye usonji kikaanza katika City Primary School, shule ya umma. Kabla ya hapo mzazi wa mtoto wa aina hiyo alikuwa na njia mbili: kulipa shule ya binafsi kama ana uwezo, au kubaki naye nyumbani.

Mtu anaweza kupinga kwamba kitengo si elimu jumuishi, kwa kuwa watoto wana darasa lao la pembeni. Pingamizi hilo lina uzito. Zanzibar ilichagua darasa la pamoja. Nairobi wazazi walianza na chumba kimoja ndani ya ua wa shule ya wote. Lakini kihistoria jambo kubwa ni kwamba ua ulikuwa wa umma. Mtoto akishaingia uani, swali la darasa gani linaweza kujadiliwa. Akiwa nje ya ua, hakuna cha kujadili.

Jambo hili si la Afrika Mashariki peke yake. Mwaka 1971, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, chama cha wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili kililishtaki jimbo lao mahakamani. Walidai kwamba jimbo limeahidi elimu kwa watoto wote, na kwamba watoto wao ni watoto. Kesi hiyo ilimalizika kwa makubaliano yaliyowapa haki ya kusoma, na ikasaidia kuzaa sheria ya nchi nzima iliyotiwa saini na Rais Gerald Ford tarehe 29 Novemba 1975. Ilikuwa miezi minne tu baada ya Msumbiji kutaifisha shule zake. Nchi hizo mbili zilikuwa mbalimbali kwa kila kipimo, lakini mwaka huo zote zilikuwa zimeandika neno lilelile.

Turudi sasa Mocímboa da Praia. Baada ya amani ya 1992 Msumbiji haikukaa kimya. Mwaka 1994 mkutano wa Salamanca, Hispania, ulizitaka nchi ziwapokee watoto wote katika shule za kawaida, na uliwataja wazazi kuwa washirika. Kuanzia mwaka 1998 Msumbiji ilijaribu mpango wa shule jumuishi. Mwaka 2005 ada za shule za msingi zilifutwa. Mwaka 2012 nchi iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu. Kituo cha nyenzo za elimu jumuishi kilijengwa Anchilo, mkoani Nampula, kwa ajili ya kaskazini. Zaidi ya hayo, kila shule ya umma ina baraza la shule ambamo wazazi wana viti. Kireno humwita mzazi wa mwanafunzi "encarregado de educação", yaani aliyekabidhiwa elimu ya mtoto. Ni jina zuri, maana linakiri kwamba mzazi ana madaraka.

Lakini baraza hilo hutumia lugha gani? Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili tunapopaswa kufungua macho. Mama wa Unguja aliyekwenda kwa mwalimu mkuu alisema naye kwa Kiswahili. Barua aliyoiandika wizarani ilikuwa ya Kiswahili, na jibu lilikuja kwa Kiswahili. Hakuhitaji mkalimani ili aelewe kwamba amekataliwa, wala ili akatae kukataliwa. Mama wa Mocímboa huzungumza Kimwani, au Kimakonde, au Kimakua, na pengine Kiswahili cha biashara. Sheria, mitaala na fomu za serikali ni za Kireno. Elimu kwa lugha mbili ilianza kuingizwa katika mtaala mpya miaka ya 2003 na 2004, na Kimwani kimo kati ya lugha zake. Hilo humsaidia mtoto darasani. Halimsaidii bado mzazi mbele ya meza ya ofisi.

Kisha vita vikaja tena. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walishambulia vituo vya polisi mjini Mocímboa da Praia, na huo ukawa mwanzo wa uasi ulioenea Cabo Delgado. Agosti 2020 mji uliangukia mikononi mwao. Haukukombolewa hadi tarehe 8 Agosti 2021, majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipouingia. Katika miaka hiyo wakazi walikuwa wametawanyika Pemba, Metuge, Montepuez, Nampula na kwingineko. Waliondoka bila vyeti vya kuzaliwa na bila vitambulisho, na kuna waliomkimbiza mgongoni mtoto asiyeweza kutembea. Katika shule zilizowapokea, madarasa yalikuwa yamejaa pomoni. Mwaka huohuo wa 2020 ndio mwanzo wa mkakati wa taifa wa elimu jumuishi, unaokwenda hadi 2029. Muhula wa ahadi mpya ulianza mji ukiwa umetekwa.

Watu wamerudi kwa wingi tangu 2022, na shule zimekuwa zikifunguliwa tena hatua kwa hatua. Wengi wataona katika habari hiyo matofali na mabati tu. Mimi naona wakati uleule tuliouona Zanzibar na Nairobi: wakati ambapo mlango unawekwa upya. Shule inapojengwa upya ndipo ni rahisi kuuliza kama mlango utapitisha kiti cha magurudumu, kama mwalimu mmoja atafundishwa lugha ya alama, kama daftari la uandikishaji litamwandika mtoto asiye na cheti. Ukuta ukishakauka, maswali hayo huwa ghali.

Historia haitabiri, lakini inaonesha masharti. Zanzibar ahadi ilikaa miaka 35 hadi wazazi walipounda chama. Nairobi chama na ahadi vilikutana mwaka mmoja. Msumbiji ahadi ya 1975 imetimiza nusu karne. Kinachohitajika Mocímboa si azimio jingine. Ni wazazi kukaa katika baraza la shule wakiwa zaidi ya mmoja, na baraza hilo kusikiliza na kuandika kumbukumbu zake kwa Kimwani na Kimakonde pia, ili mama akisema "na wangu?" asisubiri mtu wa kumfasiria. Swali lenyewe ni la maneno mawili tu, na katika pwani hii hakuna asiyelielewa.