Kuku wa Batavia

Katika zama za utawala wa Waholanzi huko Java na Sumatra, maradhi ya beriberi, yenye kulegeza miguu, kuvimbisha mwili na mwishowe kudhoofisha moyo, yaliwaangamiza askari na wafungwa kwa wingi hata serikali, mwaka wa 1886, ikawaleta matabibu kutoka kwao wakitafute kidudu kinachoyasababisha. Na kwa kuwa zama zenyewe zilikuwa za Pasteur na Koch, walioonyesha kuwa vidudu huleta maradhi, aghalabu ya wataalamu hawakuwa na shaka kuwa kidudu hicho kipo.

Christiaan Eijkman, mmoja wa matabibu hao, aliyebakia Batavia (Jakarta ya leo) kuwa mkuu wa maabara, aliwadunga kuku damu ya wagonjwa. Mwaka wa 1889 kuku wakaugua kweli: walipepesuka, wakashindwa kukaa kitagaani, kisha wakalala ubavu wakitweta, na undu wa kichwani ukageuka rangi ya samawati. Ila waliougua hawakuwa wale waliodungwa peke yao. Hata wasioguswa waliugua vile vile, na mwezi wa Novemba maradhi yakatoweka bila ya dawa. Eijkman alipodadisi, akaambiwa kwamba mtunza kuku, kwa kubana matumizi, alikuwa akiwalisha makombo ya wali mweupe kutoka jiko la hospitali ya jeshi, mpaka alipokuja mpishi mpya aliyekataa katakata wali wa askari uliwe na kuku wa raia, nao wakarudishiwa mchele wenye ngozi yake. Sidhani kama yuko mpishi mwingine aliyeinufaisha elimu ya tiba kwa uchoyo wake kiasi hicho.

Basi siri ilikuwamo katika wishwa, ule ule ambao mama zetu wa pwani huupepeta ungoni na kuwamwagia kuku uani, na ambao mashine za kukoboa ziliuondoa wote. Kuku aliyerudishiwa wishwa alisimama tena. Hata hivyo kuku si binadamu, na ugonjwa wake haukufanana na beriberi kwa kila hali. Ndipo Adolphe Vorderman, mkaguzi wa afya, akachunguza magereza 101 ya Java, akaona kuwa katika 37 yaliyopika mchele wenye ngozi yake beriberi ilikuwamo katika moja tu, ilhali katika 51 ya mchele mweupe ilikuwamo katika 36.

Ajabu ni kwamba Eijkman mwenyewe, baada ya kuona yote hayo, alishikilia kuwa wanga wa mchele huzaa sumu tumboni na kwamba wishwa huiua. Aliyeifasiri vizuri zaidi ishara ya kuku ni Gerrit Grijns, mrithi wake maabarani, aliyesema mwaka wa 1901 kwamba hapana sumu, bali chakula kimepungukiwa na kitu ambacho mishipa ya fahamu haiwezi kukikosa. Kitu hicho, tunachokiita leo vitamini B1, wataalamu Jansen na Donath walikitoa katika wishwa huko huko Java mwaka wa 1926, wakikijaribu kwa ndege wadogo. Na tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1929 akapewa Eijkman pamoja na Hopkins wa Uingereza, Grijns asipate fungu.