Tozo ya msongamano London: hakuna geti, lakini deni lipo

Dereva aliyezoea kulipia Daraja la Kigamboni jijini Dar es Salaam, au barabara ya Nairobi Expressway, anajua mahali pa kutolea pesa: kibanda kinaonekana na kizuizi kimeshushwa. Katikati ya jiji la London hakuna geti wala kibanda. Kuna alama tu, herufi C nyeupe ndani ya duara jekundu, na kamera zinazosoma namba za gari. Anayepita bila kujua hasimamishwi na mtu. Habari humfikia baadaye kwa barua.

Tozo hiyo ilianza tarehe 17 Februari 2003, wakati wa Meya Ken Livingstone, ikiwa pauni 5 kwa siku. Imepanda mara kadhaa, na tangu tarehe 2 Januari 2026 ni pauni 18. Hutozwa Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Jumamosi, Jumapili na sikukuu za umma huanza saa 6 mchana hadi saa 12 jioni. Kuanzia siku ya Krismasi hadi sikukuu ya Mwaka Mpya haitozwi. Malipo ya siku moja huruhusu kuingia na kutoka mara nyingi kadiri dereva anavyotaka. Anayepita kwenye barabara za mpakani zenyewe, kama Euston Road na Park Lane, bila kukata kuingia ndani, hadaiwi.

Wenye pikipiki hawalipi, na teksi zenye leseni ya London vilevile. Magari ya umeme yalisamehewa kwa miaka mingi, lakini msamaha huo ulikwisha Desemba 2025 na sasa hupewa punguzo tu, tena kwa waliojiandikisha.

Malipo hupokelewa na mamlaka ya usafiri ya jiji, Transport for London, kwa kifupi TfL, kupitia tovuti yake, programu ya simu au kwa kupiga simu. Zamani dereva aliweza kulipa dukani. Njia hiyo haipo tena. Anaweza kulipa kabla ya safari au siku yenyewe kwa pauni 18. Akisahau, anayo nafasi hadi saa 6 usiku wa siku ya tatu baada ya safari, ila kwa pauni 21. Baada ya hapo mlango umefungwa, na kinachofuata ni faini. Kwa mtu anayeingia mjini mara kwa mara, njia salama ni kufungua akaunti ya Auto Pay: kamera ikisoma gari lake, siku hiyo huandikwa na kukatwa kwenye kadi au benki mwisho wa mwezi. Kusahau ndiko kunakowagharimu wengi, na akaunti haisahau.

Jambo la kuangalia sana ni kwamba kinacholipiwa ni namba ya gari, si mtu. Anayeandika sifuri mahali pa herufi O amelipia gari jingine, na gari lake bado linadaiwa. Aidha, zipo tovuti za watu binafsi zinazopokea malipo haya na kuongeza ada yao juu. Ni vyema kuhakikisha kwamba ukurasa ni wa TfL kabla ya kuingiza namba ya kadi.

Faini ni pauni 180, na hupungua kuwa 90 ikilipwa ndani ya siku 14. Ikipita siku 28 bila kulipwa wala kupingwa, hupanda hadi pauni 270. Barua hutumwa kwa mmiliki aliyesajiliwa. Kwa gari la kukodi mmiliki ni kampuni, ambayo kwa kawaida humrudishia mteja deni pamoja na gharama zake za uendeshaji. Mgeni wa siku mbili anaweza kuwa amesharudi nyumbani kadi yake inapokatwa. Mwenye sababu hupeleka pingamizi TfL kwanza. Likikataliwa, anaweza kukata rufaa kwa waamuzi wa kujitegemea.

Gari kuukuu lina deni la pili. Eneo la hewa safi, ULEZ, ambalo tangu tarehe 29 Agosti 2023 limeenea wilaya zote za London, hutoza pauni 12.50 kwa magari yasiyotimiza kiwango cha moshi, usiku na mchana. Gari dogo la mizigo la dizeli la miaka ya nyuma likiingia katikati ya jiji saa za kazi hulipa zote mbili, yaani pauni 30.50 kwa siku, kabla ya mafuta na maegesho.

Balozi kadhaa zimekataa kulipa zikidai kwamba hii ni kodi, na kwamba mikataba ya kidiplomasia inawasamehe. TfL inasema ni malipo ya huduma. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 deni la balozi lilikuwa limepita pauni milioni 143, la Marekani likiwa kubwa kuliko yote. Mfanyabiashara wa kawaida hana kinga hiyo. Anachoweza kuchagua ni saa: soko la nyama la Smithfield, lililo ndani ya eneo, hufanya biashara usiku wa manane, na gari lililopakia na kutoka kabla ya saa 1 asubuhi halidaiwi tozo ya msongamano.